Tetemeko Ambalo Halijatokea

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kusaidia kutengeneza tetemeko la ardhi ambalo halijatokea. Nikiwaambia hivyo majirani zangu huku Mbuji wananitazama kwa huruma, wakidhani jua la ziwani lilinipiga kichwani kwa muda mrefu. Nimekoma kuwaeleza. Lakini ninyi mliobaki kazini mnaelewa ninachosema, na mnanipigia simu kila mara mkiuliza mambo ambayo hamkuuliza nilipokuwa nimekaa meza ya pili kutoka dirishani. Basi nayaandika mara moja, nipate kupalilia maharage yangu kwa amani.

Vyeo na mishahara siviandiki. Vyeo vilikuja vilipojisikia kuja, na mishahara yetu mnaijua.

Siku ya kwanza kazini, katika ofisi yetu ya matetemeko pale Mbinga, nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa binti wa Kimatengo niliyetoka chuo cha ufundi, na mama yangu alikuwa ameniambia kwamba ofisini hakuingiwi na ndala. Mkuu wangu, Mzee Haule, mtu wa mwambao wa ziwa, Mwanglikana wa ukoo wa wavuvi, alinipokea mlangoni, akaitikia shikamoo yangu, kisha akaniambia nirudi nje nitembee tena mpaka mezani kwake. Nikadhani ananidhihaki. Nikatembea. Nilipokwisha kukaa alinionyesha ngoma ya chuma iliyozungushiwa karatasi, ikizunguka taratibu kwenye kona, na kalamu ya wino ikichora mstari juu yake. Kwenye mstari palikuwa na meno madogo madogo yaliyofuatana.

"Hivyo ni viatu vyako, binti," alisema. "Kesho njoo na raba."

Somo la kwanza la kazi yetu ni hilo, na sina hakika kama kuna la pili. Ardhi inatikisika muda wote, na karibu yote si tetemeko. Lori la kahawa likibadilisha gia mlimani linajiandika. Mvua kubwa inajiandika. Ziwa nalo linajiandika, maana mawimbi yakipiga ufuo kule Mbamba Bay, mwamba ulio mbali huku juu unayasikia. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya ile ngoma nikijifunza kutambua visivyo tetemeko. Kila nilipomwita Mzee Haule kwa furaha kwamba nimepata, alikuja polepole, akainama, akasema, "Hao ni ng'ombe wa masista." Na kweli walikuwa ng'ombe wa masista.

Tetemeko la kweli lilipokuja alivuta kiti akakaa. Nilijifunza kulijua kwa namna linavyoingia: linabisha hodi kwanza, halafu kunakuwa na utulivu kidogo, halafu linaingia ndani. Hodi ni yale mawimbi mepesi yenye mbio. Yanayobomoa nyumba yanakuja nyuma yake, na kadiri tetemeko linavyotoka mbali ndivyo utulivu wa katikati unavyorefuka. Mpaka leo nikisikia kikombe kinagonga sahani najikuta nasubiri hiyo ya pili.

Ngoma za karatasi ziliondoka, ikaja mitambo ya kisasa ambayo haichafui mikono. Wakati huo ndipo tulipojenga kituo cha mwambao, pembeni ya uwanja wa kanisa, karibu na Mbamba Bay. Kihisi chenyewe, kile chombo kinachosikia ardhi, kilikaa ndani ya shimo lililojengewa kwa saruji. Juu tukafunika kwa bamba la zege lenye urefu wa mtu, na upande wa kichwani tukasimamisha nguzo fupi yenye antena ya kupokea saa kutoka kwenye setilaiti. Kwa maneno mengine, tulijenga kaburi. Sisi hatukuona hivyo. Tuliona kituo kizuri, tukapiga picha, tukapanda gari tukarudi Mbinga.

Ilipofika siku ya kuwaombea marehemu wote, akina mama wa jumuiya wakapita kusafisha makaburi, wakalikuta letu halina jina wala ua. Walifyeka majani, wakapaka chokaa, wakapanda maua. Na kwa kuwa aliyelala pale alionekana hana ndugu, walichangishana wakamwekea kibanda cha bati asinyeshewe. Bati likafunika antena. Saa ya mtambo ikaanza kupotea, na sisi ofisini tukawa tunaona matetemeko yanafika Mbamba Bay kabla hayajatokea. Tuligombana na kompyuta, tukagombana sisi kwa sisi, mwisho tukaenda kuangalia. Tulimkuta Mama Otilia, kiongozi wa wale akina mama, ameinama anamwagilia maua.

"Shikamoo mama," nikasema. "Samahani, hapa hapana mtu."

"Marahaba. Sasa mbona mmezika?"

Mzee Haule alimweleza yote, kihisi, saa, setilaiti, bila haraka, kwa Kinyasa na kwa Kiswahili. Mama Otilia alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ndoo chini.

"Basi bati tutalitoa," alisema. "Maua yaacheni. Tumeshamzoea."

Hawakuacha kulitunza. Waliwahamisha vijana wa mpira wakachezee upande wa pili, na mbuzi wakatafutiwa njia nyingine. Vituo vyetu vingine vilikuwa na uzio na walinzi wa kuajiriwa, na vilijaa kelele za kila aina. Kile cha mwambao, kilichotunzwa na watu waliojua fika kwamba ndani hamna mtu, ndicho kilichotupa rekodi safi kuliko vyote. Nawaambia hili ninyi mnaopenda kuagiza nyaya za miiba.

Mzee Haule alistaafu akarudi kwao ziwani, na huko ndiko alikozikwa. Nilimlilia kama baba.

Dokta Neema alikuja miaka mingi baadaye, mimi nikiwa tayari naitwa mama na ofisi nzima. Alikuwa binti mdogo wa kutoka Mwanza, mwenye shahada kubwa na mkoba uliojaa nyaya, na alikuwa ameletwa kutengeneza, kwa kompyuta, mtikisiko ambao tetemeko kubwa lingeuleta kwenye miji ya ziwani. Nilimtilia shaka. Nilikuwa nimetumia ujana wangu kutafuta matetemeko ya kweli, leo mtu ananiambia tutayatunga.

"Mama, tetemeko kubwa huku hamjawahi kulinasa, sivyo?" aliniuliza.

"Hatujawahi, na tumshukuru Mungu."

"Lakini madogo mnayo."

"Madogo tele. Kabati limejaa."

"Basi kubwa mnalo. Halijaunganishwa tu."

Alinieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Tetemeko kubwa halipasuki lote kwa mara moja. Ufa ulioko chini ya bonde la ziwa unaanza kufunguka mahali pamoja, kisha mpasuko unakimbia, kipande baada ya kipande, na kila kipande kinatoa mtikisiko wake. Tetemeko dogo ni kipande kimoja cha namna hiyo. Limetoka kwenye ufa ule ule, limepita mwamba ule ule, limepanda mchanga ule ule mpaka kwenye kihisi, na mambo yote liliyotendewa njiani yamo ndani ya rekodi yake. Kwa hiyo unalichukua lile dogo, unalipanga mara nyingi, kila moja likichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, unalikuza kwa kipimo, na unapata mtikisiko wa kubwa pale pale kihisi kilipokaa. Nilimwambia ni kama ngolo zetu za Umatengo. Mtu anachimba shimo moja, kisha la pembeni yake, kisha la chini, mpaka mlima mzima umelimwa. Alicheka, lakini nilimwona baadaye akiwaeleza wageni hivyo hivyo bila kunitaja.

Msisahau jambo moja. Hatukutengeneza tetemeko moja tu. Tulitengeneza mengi: ufa ukianza kupasuka kaskazini, ukianza kusini, ukipasuka kwa kina, ukipasuka karibu na juu. Hakuna hata moja lililo la kweli, na lolote kati ya hayo laweza kuja. Kijana akikuletea jibu moja lenye mstari mzuri, mrudishe akafanye upya.

Rekodi ziliposema mchanga wa Mbamba Bay unakuza mtikisiko, tulikwenda kuupima wenyewe. Unalaza bamba la chuma chini, unachomeka vihisi vidogo kwenye mstari, halafu unapiga bamba kwa nyundo kubwa na kungoja mlio ufike kwenye kila kihisi. Mpigaji nilikuwa mimi, maana Dokta alikuwa mwembamba. Wanafunzi walipita wakicheka bibi anayeiadhibu ardhi. Kila mtu mzima aliyesimama kutazama alitupa pole na kutuambia tusihangaike, mchanga ni godoro, mtikisiko ukiingia humo unafia humo. Laiti ingekuwa hivyo. Pale mchanga ni mwembamba na chini yake kuna mwamba mgumu, na mtikisiko ukinaswa katikati unapanda na kushuka ukiongezeka. Kibaya zaidi, mwendo wa kutikisika ambao mchanga wa unene ule unaupenda ndio mwendo unaopendwa na nyumba fupi ya matofali.

Na nyumba fupi ya matofali ilikuwapo. Umbali mfupi kutoka kwenye maua ya Mama Otilia, shule ya sekondari ilikuwa na bweni jipya la wasichana, limebaki vitanda na baraka za padri. Wazazi walikuwa wamelijenga kwa nguvu zao. Matofali yalichomwa juu milimani na kuteremshwa, na kila nyumba ilikuwa imebeba sehemu yake. Fundi alikuwa Baba Editha wa Kingerikiti, mkulima wa kahawa na mwashi, na binti yake alikuwa anasoma pale kidato cha pili. Kuta alizifunga vizuri kwa lenta ya zege juu ya madirisha. Lakini juu ya lenta, kila upande wa mwisho wa jengo, alikuwa amepandisha gebo, ule ukuta wa pembetatu unaofika mpaka kwenye kilele cha paa, na humo alikuwa amepanga matofali yakatoka kwa nje kama msalaba uliozungukwa na maua. Nimeona kazi za waashi wengi na sijaona gebo zuri kama lile. Lilikuwa zito, na halikushikwa na kitu chochote. Chini yake, kwa ndani, ndipo vichwa vya vitanda vingekaa.

Dokta alipitisha matetemeko yetu kwenye hesabu ya jengo lile. Karibu yote yaliyokuwa makubwa yaliliangusha gebo, na mara nyingi kwa ndani.

Tulipeleka habari hizo kwa mwalimu mkuu, mama wa makamo aliyekuwa na haraka siku zote. Alitusikiliza akiwa amesimama.

"Mama, mimi nina mabinti ambao leo hii wamepanga vyumba mjini," alisema. "Wanajipikia, wanabishana na wenye nyumba, wanagongewa milango na wanaume. Mwaka jana wawili waliacha shule wakiwa na mimba. Editha, binti wa fundi, alikuwa chumba kimoja na mmoja wao. Mama yake amesema bweni lisipofunguliwa baada ya likizo, mtoto anarudi Kingerikiti, basi. Sasa tetemeko lenu ni la lini?"

Dokta Neema akasema hatujui. Laweza kuwa wiki ijayo, laweza kuwa wakati wa wajukuu wa Editha.

"La mimba najua ni la lini," mwalimu mkuu alisema.

Nakiri nilirudi kwenye gari nikiwa na hasira. Sikumkasirikia yeye, alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimezoea matetemeko yasiyo na watu ndani. Hili letu halijatokea wala halijavunja kikombe, na tayari lilikuwa linakaribia kumtoa msichana shuleni. Tukisema bweni lifungwe, Editha anapoteza masomo yake kwa hakika, kwa ajili ya jambo la labda. Tukinyamaza, analala chini ya gebo. Njia ilikuwa moja, magebo yashuke na mahali pake kuwekwe mbao na bati kabla ya muhula kuanza, na hilo halikuwa letu kuamua. Lilikuwa la waliobeba matofali.

Kompyuta haimshawishi aliyebeba tofali kichwani. Kwa hiyo niliomba meza. Kwenye kiwanda kimoja cha kukobolea kahawa hapo Mbinga palikuwa na meza chakavu ya kuchambulia, ile inayotikisika ili punje nzito zitengane na nyepesi. Tuliifunga mota mpya na mkono wa chuma, tukaipanga itikisike kwa mwendo na nguvu ambavyo tetemeko letu lilionyesha zaidi. Haikuweza kufuata kila kitu kilichomo kwenye faili, na Dokta alikunja uso. Tuliiharakisha pia, kwa sababu nyumba ndogo ya mfano haitikisiki kama kubwa. Kisha nikaenda Kingerikiti kumwomba Baba Editha atujengee bweni lake kwa udogo, lenta na gebo na yote, kwa vijitofali vya kuchoma.

"Mnataka nijenge ili mbomoe?" aliniuliza.

"Nataka ujenge vizuri kadiri unavyoweza. Lisipobomoka, nitakuja kwenye baraka za bweni na mbuzi."

Alijenga vizuri. Hata msalaba aliuweka, na maua yake.

Tulimwomba katekista atutangazie. Jumapili baada ya misa alisimama akasoma kwamba Jumamosi saa nne asubuhi kutakuwa na tetemeko la ardhi katika viwanja vya shule, wote mnakaribishwa. Baadhi ya familia zilipandisha magodoro na wazee milimani tangu Ijumaa. Waliobaki walikuja wote, kwa hiyo siwezi kumlaumu katekista. Sijawahi kupata hadhira kubwa kama ile.

Kabla hatujawasha mota, Editha alisogea mbele. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, anayefanana na baba yake paji la uso. Alikuwa na maharage mkononi. Aliinua kipande cha paa la mfano, akayapanga ndani kwa mistari, kama vitanda vitakavyokaa.

"Hawa ni sisi," alisema, akarudisha paa.

Niliwasha. Kuta za Baba Editha zilisimama, na watu wakaanza kupiga makofi. Kisha gebo likaanza kutikisika peke yake, likienda upande wake huku ukuta ukienda wake. Likainama nje, likarudi, likaangukia ndani. Nikazima. Baba Editha alipiga magoti mbele ya meza, akaanza kuondoa vijitofali kimoja kimoja, na kuokota yale maharage yaliyokuwa chini, akiyafuta vumbi kwa kidole gumba.

Ubishi ulianza hapo hapo. Wengine walisema meza ya kahawa si ardhi, na kwa kiasi fulani walikuwa sahihi. Mzee mmoja alisema yeye ameishi kando ya ziwa maisha yake yote na hajaona gebo likianguka. Mama mmoja akauliza matofali aliyobeba akiwa na mimba atarudishiwa na nani. Bati badala ya tofali, walisema, ni la banda la mbuzi, na watoto wetu si mbuzi. Tulimaliza bila uamuzi. Likizo ilikuwa inaisha, na mbaya zaidi kahawa ilikuwa imeiva. Mnajua kwetu kahawa ikiiva hata mgonjwa anaamka. Hakuna mtu mwenye nafasi ya kupanda kwenye paa la shule wakati nyekundu zinadondoka shambani.

Baba Editha hakubishana na yeyote. Alitualika tu mimi na Dokta Neema kwao, kwenye sengu.

Kwa wasio Wamatengo: sengu ni ukoo kula pamoja. Kila nyumba inaleta chakula chake, kinawekwa pamoja, na mashauri yanafuata baada ya kunawa. Kabla ya hapo halitajwi jambo. Dokta Neema alikuwa amekuja na kompyuta yake imechajiwa tayari. Nilimwambia aiache kwenye gari. Tulikula ugali na maharage, na ng'onda, samaki wakavu waliopanda kutoka ziwani, tukaongelea mvua. Alikula kwa wasiwasi wa mtu anayesubiri mtihani. Tulipokwisha kunawa, baba mkubwa wa ukoo, mzee sana, akanigeukia.

"Mwanangu, hilo tetemeko lilimpiga nani?"

"Halijampiga mtu, babu. Halijatokea."

"Litatokea?"

"Kubwa litatokea. Siku hatujui. Huenda sisi wote tuliokaa hapa tutakuwa tumekufa kwa uzee."

"Kwa hiyo mnatutaka tubomoe kwa sababu ya kitu ambacho huenda hatutakiona."

"Ndiyo, babu."

Dokta alinitazama kana kwamba nimeuza kesi. Lakini mimi nilikuwa nimekula chakula chao, na sikuweza kuwapunguzia wala kuwaongezea. Mzee alitikisa kichwa, akamgeukia Baba Editha. "Wewe ndiye mwenye kazi. Unasemaje?"

"Gebo nimelijenga mimi," Baba Editha alisema. "Nilipoweka ule msalaba nilijisifu, nisiwafiche. Nilitaka mtu akipita na boti auone. Sasa nikifumba macho naona maharage tu. Nitalishusha mwenyewe. Ila kahawa yangu imeiva, na mke wangu peke yake hawezi."

"Kahawa yako ni ya nani?" mzee aliuliza, na swali hilo halikuwa la kujibiwa. Alitazama wanawe na wapwa zake. "Kesho kutwa ngokela kwa Baba Editha."

Ngokela ni ule utaratibu wetu wa kusaidiana, watu wanakuja shambani kwa mmoja, wanafanya kazi, wanalishwa, kesho zamu ya mwingine. Ukoo ulichuma kahawa yake yote, naye akateremka Mbamba Bay na nyundo na patasi. Habari zilipoenea kwamba fundi anashusha kazi yake mwenyewe, na kahawa yake inachumwa na wenzake, wazazi waliokuwa wakitubishia walianza kufika mmoja mmoja, wakiwa na nyuso za watu wanaopita tu. Yule mama aliyeuliza matofali yake atarudishiwa na nani alipanga foleni ya kuyapokea. Matofali ya msalaba na maua Baba Editha aliyateremsha kwa mkono wake, akayapanga nyuma ya jiko la shule, akayafunika turubai. Mahali pa gebo wakaweka mbao na bati, wakafunga paa kwenye lenta kwa nondo.

Bweni lilifunguliwa muhula ulipoanza. Lilionekana baya kwelikweli. Editha alihamia na sanduku lake siku ya kwanza. Mbuzi nilimpeleka ingawa sikuwa na deni, wakamla kwa furaha.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Kwenye sherehe ya kuniaga mmoja wenu, simtaji, aliniuliza kama sisikitiki kuondoka kabla tetemeko letu halijaja kunithibitisha. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu keki ilikuwa inakatwa. Jibu refu ni kwamba naomba nife bila kuthibitishwa, na nanyi mfe hivyo hivyo, na atakayewafuata.

Miezi michache iliyopita, asubuhi, nilikuwa naanika kahawa nikasikia ardhi ikibisha hodi. Nilisimama na ungo mkononi nikingoja. Utulivu, kisha ikaingia: mifuniko ya sufuria ikagongana, kuku wakatawanyika, kwisha. Kabla sijawapigia ninyi simu, simu yangu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Editha. Mko salama?"

"Tuko salama. Nimeongea na Editha kwa simu ya mwalimu. Wote walitoka nje, hakuna aliyeumia. Mabati yalilia tu." Nilimsikia akivuta pumzi. "Mama, ndilo lenyewe?"

Nilielewa anachoniomba. Alitaka niseme ndiyo. Kwamba limekuja, limepita, binti yake mzima, na yeye anaweza kwenda nyuma ya jiko la shule akafunua turubai. Sijawahi kutamani kusema uongo kazini kama siku ile, na kazini nilikuwa nimeshatoka.

"Hapana, Baba Editha. Hilo ni dogo. Lenyewe bado."

Nyuma yake nilisikia watu wakizungumza na ndoo ikiwekwa chini.

"Na lenyewe likikaribia, wewe utajua?"

Swali hilo nimeulizwa na wakubwa wa kila aina, na siku zote nililijibu kwa maelezo marefu.

"Sitajua," nikamwambia. "Nitajua siku ile ile mtakayojua ninyi."

"Basi tuko sawa, mama," alisema. "Ngoja niteremke Mbamba Bay nikaongeze misumari. Watoto wanasema upepo ukivuma yale mabati yanawapigia kelele."